Ubishi wa Jumamosi

Siku hizi sauti ya marehemu hubaki nyumbani kwake, mradi irekebishwe kila mwaka isije ikashikilia jambo lisilo la kweli. Ya Elinisafi ilikaa ndani ya kisanduku juu ya kabati la jikoni, na Ndeshi, mjane wake, hakuwahi kuona ubaya wa sheria hiyo.

Jumamosi, siku chache baada ya marekebisho ya mwaka huo, akiwa anamenya ndizi, akaichokoza kama kawaida yake.

"Baba Aika, chuo chetu hakijapata mshambuliaji kama Shemdoe."

Tangu walipokuwa wanafunzi, Elinisafi alikuwa upande wa Mrutu, mshambuliaji mwingine wa chuo. Shemdoe, alizoea kusema, ni mfalme wa penalti tu, na mtu asiyejua hata kuotea ni nini asimfundishe yeye mpira. Walibishana hivyo siku ya harusi yao, wakabishana wodini wiki ile aliyofariki.

"Ni kweli, mama Aika," sauti ikajibu. "Mechi zote zimepitiwa. Shemdoe alikuwa bora."

Ndeshi akaisubiri ile "lakini" yake. Haikuja. Akamenya ndizi nyingine, utomvu ukimganda vidoleni.

"Na ule mguu wa kushoto wa Mrutu?" akauliza. "Beki gani aliuweza? Shemdoe alibebwa na penalti. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema."

"Nilikosea," sauti ikasema kwa upole. "Samahani, mama Aika."

Ndeshi akaweka kisu chini. Akageuka taratibu kukitazama kisanduku, kama mtu aliyesikia mgeni akikohoa ndani ya nyumba aliyoifunga mwenyewe.