Glovu za Wilibrodi

Penalti ilipotolewa dakika ya tisini, mashabiki nyuma ya goli walifanya kikao cha dharura.

"Tunapaki basi mechi nzima, na basi lenyewe halina breki!"

"Na usajili je? Tunaleta kipa kutoka Mbeya wakati Wilibrodi tunaye hapa!"

Wilibrodi alikuwa amekaa juu ya ndoo, ametulia kama paroko. Kamati ya klabu ilimwacha kwa barua ya mistari miwili, kisha ikampa kipa huyo mgeni glovu zake, zile ambazo mama yake alishona kidole gumba kwa uzi wa gunia. Kutoka pale aliuona ule uzi.

Mpigaji wa wapinzani alikuwa mshikaji wake wa mtaani Kasense. Tangu utotoni, kwenye goli hili hili lenye kanisa kushoto na shamba la mahindi kulia, penalti zake zilikwenda upande wa kanisa, hata siku moja si upande wa mahindi.

"Wili, mwanangu, mwonyeshe kipa upande!" mzee mmoja alimsihi. "Tukifungwa tunashuka daraja!"

Kipa aligeuka, akamtazama kwa macho ya kuomba.

Wilibrodi alisimama, akavua kofia, na kwa unyenyekevu mkubwa akanyoosha mkono kuelekea mahindi.