Ndoo ya Pili

Vuli ilikaribia. Eustace alikuwa juu ya paa la maduka ya Katoro, peke yake, akiziba matundu ya misumari kwa lami. Alipomaliza alimwaga ndoo ya maji juu ya bati, akainama, akapaza sauti kama miaka yote:

"Mama Ritha, inavuja?"

Ndipo akakumbuka. Mkewe, aliyezoea kusimama ndani akitazama dari na kumjibu, walimzika kijijini Samuye msimu wa kuvuna pamba.

Alibaki akibandua lami iliyomganda vidoleni.

"Mimi siye Mama Ritha, fundi," muuza vitenge akajibu kutoka chini, "ila haivuji!"

Eustace akafungua bomba la simtanki la maji lililoinuliwa kando ya paa, akajaza ndoo, akamwaga palepale, akaita tena vilevile: "Mama Ritha, inavuja?"