Farasi wa Tango

Sheria ya siku hizi inairuhusu kila nyumba kukumbuka marehemu mmoja, basi. Mume wa Fumie alipofariki, maofisa walikuja wakamfuta marehemu wa zamani vichwani mwa Fumie na binti yake Chizuru.

Sikukuu ya wafu ilipofika mjini Morioka, Fumie alichomeka vijiti kwenye tango, likawa farasi wa kumleta mumewe nyumbani, kama ilivyo desturi. Kisha mkono wake ukachukua tango jingine, dogo, ukalichomeka vijiti vifupi.

"Mama, huyu wa pili ni wa nani?" Chizuru aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Mbona miguu yake mifupi hivyo?"

Fumie akamsogeza yule mdogo ubavuni mwa mkubwa.

"Akipanda farasi mrefu ataanguka."