Mbuzi ya Nazi Iliyosahauliwa

Kwa mara ya tatu wiki ile, fundi Tegemea aliketi mbele ya kompyuta ya zahanati, na programu aliyoiunda ya kadi za watoto ikakataa kufunguka. Kwenye kioo yalitokea maneno yaleyale: faili moja halipo. Bosi wake alishamwambia kwamba ikishindikana leo, asirudi kazini.

"Kwenye kompyuta yangu inafunguka, Bi Mwanakheri," alimwambia nesi kwa sauti ya kuchoka.

"Nakuamini, mwanangu." Nesi aliifunika chai ya fundi kwa kisahani isipoe. "Mimi nilipoolewa nilibeba vyombo vyote, nikasahau mbuzi ya nazi. Jikoni kwa mama ilikuwepo siku zote, hata sikuihesabu. Wakwe zangu wakala wali mkavu."

Tegemea aliacha kubofya. Alikumbuka mafaili aliyoyaweka kwenye kompyuta yake miaka mingi nyuma, kwa kazi nyingine, akayasahau; hilo lililokosekana hapa lilikuwa mojawapo. Programu hii hakuwahi kuijaribu kwenye kompyuta nyingine.

Akaanza kuyapakua. Mtandao ulikuwa mzito. Mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Bi Mwanakheri alivuta kiti, akaketi kando yake, akakigusa kisahani. Kilikuwa bado na joto.