Nyumba Ndogo Kwenye Runinga

Kitanda kilichotokea kwenye runinga kilikuwa kimetandikwa shuka jipya la maua, na hakikuwa cha nyumba ile.

Runinga yenyewe ilikuwa pana kama mlango wa stoo, na muuzaji aliisifu kwa jambo moja: haifichi kitu.

"Endelea," mama mkwe alimwambia binti yake kutoka kwenye kochi, akivuta blanketi juu ya magoti. "Usitukatishie sinema."

Kochi lilikuwa lake. Alikuja kwa wiki mbili tu baada ya kuteleza bafuni kwake. Miguu ikagoma, na tangu hapo ilikuwa ikigoma kwa moyo mmoja. Madaktari hawakuona kilichovunjika. Yeye akasema madaktari wa siku hizi hawajui kuona. Kila asubuhi mkwe wake, fundi umeme, alimbeba mgongoni kutoka chumbani hadi sebuleni, na jioni akamrudisha. Siku za kliniki alimshusha ngazi za ghorofa tatu. Shukrani hazikukosekana.

"Polepole, mimi si gunia la saruji," mama mkwe angesema. Au: "Mwanamume mzima, kubeba mama mmoja tu unahema kama pampu ya kisima!"

Binti yake alikuwa muuguzi. Alitoka zamu ya hospitali akaingia zamu ya nyumbani, kumkanda mama miguu kwa mafuta ya moto.

Wazo la picha lilikuwa la mama mkwe. Aliona fundi anachelewa kurudi, na akirudi anailaza simu kifudifudi mezani.

"Simu inayolala kifudifudi ina jambo," alimwambia binti yake. "Si mnasema runinga hii inaonyesha picha za simu? Basi ziunge simu zote za nyumba hii, tuone. Familia safi haina siri."

Fundi angekataaje? Kukataa ni kukiri. Jumapili mchana akaitwa pia mjomba, kaka yake mama mkwe, mzee aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kutoa hukumu. Akapewa kiti cha mbele.

Picha zilianza kwa heshima. Harusi. Soketi iliyoungua. Nyaya. Nyaya nyingine. Mjomba akapiga miayo. Ndipo kikaja kitanda.

Baada ya kitanda likaja jiko dogo, safi, lenye pazia la kijani. Halafu mwanamke amesimama mlangoni, anatabasamu, ameshika funguo.

"Nyumba ndogo!" Mama mkwe alipiga makofi. "Tena ndogo kwelikweli! Nilisema, sikusema?"

"Ulisema, dada," mjomba alithibitisha, usingizi umemwisha.

Muuguzi hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe, akatumia ile sauti anayowauliza nayo wagonjwa panapouma.

"Nani anakaa hapo?"

"Bado hakuna mtu."

"Na huyo dada?"

"Mwenye nyumba."

"Kwa hiyo unahama?"

Fundi aliliangalia zulia. Mgongo ulikuwa unamuwaka moto.

"Si mimi. Ni kwa ajili ya mama. Chumba kiko chini, hakina ngazi, zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nilitaka kukwambia. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

Ile haikuwa siku nzuri. Hawara angesameheka, mjomba mwenyewe alikuwa na uzoefu mrefu wa kusamehewa. Lakini kumtoa mama mgonjwa nyumbani!

Mama mkwe akalia. Machozi yalikuja kwa kipimo, ya kutosha kufika kidevuni.

"Nitoeni tu," alisema. "Nikokoteni kama godoro bovu. Ningekuwa na miguu, wanangu, ningeshaondoka zamani nikawaachia nyumba yenu."

"Umesikia?" Mjomba alisafisha koo. "Mkwe, utapiga magoti hapa umwombe mama radhi. La sivyo, binti yetu tunaondoka naye leo hii."

Fundi alimtazama mkewe, akitumaini atasema neno. Mkewe alikuwa anatazama dirishani, na shingo yake ilikuwa imekaza. Alimjua vizuri. Akitazama hivyo, sanduku huwa limeshafungwa kichwani, bado nguo tu.

Akapiga magoti. Magoti yalilia kuliko yeye.

"Mama, nisamehe. Nilichoka. Sikujua namna ya kusema kwamba nimechoka."

"Sauti," mjomba alisema.

"Nisamehe, mama."

Mama mkwe alifuta shavu kwa ncha ya blanketi, polepole, ili msamaha wake upate uzito. Hakuna aliyekumbuka kuzima runinga. Picha za fundi zilikuwa zimekwisha. Kwenye kona ya kioo yakatokea maandishi mapya, *Simu ya Mama*, na kiduara kikaanza kuzunguka, picha ikijiandaa kufunguka.

"Hiyo nayo imeingiaje humo?" mama mkwe aliuliza.

"Si ulisema simu zote za nyumba hii?" binti alijibu bila kugeuka. "Nikaiunga na yako."

"Izime."

"Acha, mama. Huenda zako zikatupoza roho."

Kiduara kilizunguka mara ya mwisho. Blanketi likaanguka. Mama mkwe aliiruka meza, akamkwepa mkwe wake pale chini alipopiga magoti, akaufikia ukuta kabla ya mtu yeyote na kuchomoa waya wa runinga kwa mkono mmoja.