Darasa la Siku ya Mwisho

Penseli ilimchoma Emmett ubavuni kwa mara ya pili.

"Amka, baba," bibi aliyeketi kando yake alinong'ona. "Mwalimu anageuka."

Emmett akafumbua macho. Ukumbi wa kanisa mjini Kearney ulijaa madalali wa nyumba waliongoja mpaka siku ya mwisho kumaliza masomo ya kuhuisha leseni. Anayesinzia hapewi cheti. Asiye na cheti, leseni yake inakufa jioni hiyo hiyo, na kesho asubuhi Emmett alikuwa na nyumba ya akina Hruska ya kuuza, mteja wake wa kwanza tangu masika.

"Kwani hukulala?"

"Nina siku mbili kwenye kiti cha hospitali, mama. Mke wangu kapasuliwa nyonga."

"Maskini, pole." Akampa pipi ya mnanaa. "Nyonya hii. Kali kuliko mama mkwe."

Wakati wa mapumziko, dalali mmoja mnene aitwaye Duane alimvuta Emmett pembeni.

"Kaka, acha kusinzia, utatuponza! Serikali imetuma mkaguzi, kajichanganya humu humu. Akimwona mtu mmoja tu kalala, darasa zima linafutwa."

"Ni nani?"

Duane akaelekeza kidevu kwa mwanamume wa suti ya kijivu. Alikuwa peke yake, hasemi na mtu, anaandika tu.

Waliporudi, mwalimu akaanza kusoma sheria ya kasoro ambazo muuzaji hapaswi kuzificha: paa linalovuja, kisima kibovu, mchwa. Sauti yake ilikuwa kama mvua ya usiku. Emmett alijifinya paja. Akang'ata ulimi. Pipi ikaisha.

Kisha akakoroma.

Mwalimu akaacha kusoma. Mwenye suti akageuka, kalamu mkononi, akamkazia macho.

Hapo bibi akaanza kukohoa. Alikohoa kama trekta linalokataa kuwaka, huku mguu wake ukimkanyaga Emmett chini ya meza.

"Samahani, mwalimu," akasema, akipangusa macho. "Kifua changu hiki kinakoroma hata nikiwa macho."

Watu wakacheka. Mwalimu akamtazama Emmett, aliyekuwa ameketi wima kama mshumaa, kisha akaendelea na mchwa.

Saa kumi na moja kasoro robo majina yakaitwa. Emmett alipokea cheti chake. Baada yake akaitwa mwenye suti, naye akakibusu cheti chake.

"Mungu mkubwa! Mwaka jana nilisinzia nikakikosa."

Emmett akarudi mbio kumshukuru bibi.

"Mbona wewe hujaitwa, mama?"

"Mimi siuzi nyumba, baba. Nenda kamwone mkeo."

Akamngoja afike mlangoni. Kisha akatoa fomu ya serikali mkobani, na penye "Waliosinzia" akaandika "Hakuna." Chini, juu ya neno "Mkaguzi," akatia sahihi yake.