Futa Mistari Mitano

"Injinia, wewe unaamuru kabla ya kuona!" Kasyoka, karani wa mradi, alimkemea. "Mimi kwanza napaka rangi mistari ya kufuta kwenye skrini, naitazama, ndipo nafuta."

"Na chai inapoa ukitazama," injinia alicheka. "Mimi naiambia kompyuta idadi, halafu futa. Imeisha."

Nje, wakulima wa Kibwezi walikuwa wakingoja orodha mpya ya zamu za maji. Majina matano yalikuwa ya kutolewa. Injinia alibonyeza tano, lakini kitufe, kilichojaa vumbi jekundu la shambani, kilikwama chini ya kidole chake. Tano ikawa mia tano hamsini na tano. Akafuta, na orodha nzima ikatoweka.

Kasyoka alijishika kichwa. Siku nne za kupiga chapa! "Si nilikuambia?"

Injinia alibonyeza herufi moja tu, na majina yote yakarudi, kila mtu kwenye zamu yake.

Miaka mitatu Kasyoka alikuwa akikagua ile rangi yake mara mbili mbili, maana katika programu yake kilichofutwa hakikurudi.

Alivuta kiti karibu, akapuliza vumbi kwenye kibodi.

"Futa tena," alisema. "Yote."